Daftari la Mchapishaji

Juma lililopita vijana wawili walinifuata studio wakiwa na furaha tele. Wameanzisha shirika dogo la kuchapa hadithi na mashairi, na mtaji ni akiba ya mishahara yao. Nilikisifu kitabu chao cha kwanza. Kisha wakafungua daftari lenye jina la kila mnunuzi, namba yake ya simu, mtaa anaokaa na kitabu alichochukua.

"Mzee, hawa ndio wateja wetu," mmoja akasema kwa kujivuna.

Nikawauliza: daftari hili likisahauliwa ndani ya daladala, atakayeliokota atajua mangapi? Wakanyamaza. Ndipo nikawasimulia habari za Paris.

Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris, na vitabu vikawa chini ya udhibiti wao. Mwaka uliofuata Pierre de Lescure, mwandishi wa riwaya, na Jean Bruller, mchoraji, walianzisha shirika la siri, Les Éditions de Minuit, yaani Machapisho ya Usiku wa Manane. Kitabu cha kwanza, Le Silence de la mer, kilichapwa mwaka 1942, nakala 350 tu. Mpiga chapa, Georges Oudeville, alizoea kadi za arusi na matangazo ya misiba. Alichapa kurasa 8 kwa mkupuo mmoja, tena akitazamana na hospitali ya askari wa Kijerumani! Kurasa zikapelekwa nyumbani kwa Yvonne Paraf, rafiki wa Bruller tangu utotoni, zikashonwa huko.

Jaladani mwandishi aliitwa Vercors. Kumbe alikuwa Bruller mwenyewe, na hata mkewe hakujua. Kitabu hakikuwekwa dukani. Kilipita mkono kwa mkono. Kanuni ilikuwa moja: kila mtu ajue kile tu ambacho kazi yake inahitaji. Akikamatwa mmoja, asingeweza kuwataja wasomaji asiowajua.

Mtasema sisi hatuko vitani. Ni kweli. Lakini yupo mke anayenunua kitabu juu ya ndoa za vipigo, na mumewe asingependa. Yupo karani anayesoma habari za rushwa huku bosi wake akimtazama kwa jicho baya. Watu hawa wakijua kwamba jina lao limeandikwa kando ya jina la kitabu, hawatarudi tena. Mchapishaji mdogo hana ghala wala magari. Mali yake ni kuaminiwa.

Sheria nayo ipo. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na msingi wake mmojawapo ni kwamba usikusanye taarifa kuliko unavyohitaji.

Basi nikawashauri: anayetaka kuarifiwa kitabu kipya aache namba yake kwa hiari. Anayepelekewa mzigo, anwani yake ifutwe mzigo ukishafika. Alichosoma mtu kibaki kwake.

Juzi walirudi na daftari jipya lenye namba za simu peke yake. La zamani wamelichoma moto. Nikanunua vitabu viwili papo hapo. Vitabu gani? Hilo, mpenzi msomaji, halimo daftarini.