Mshika Mbili

Mpwa wangu amepata kazi ya kumsaidia jaji: kupekua majalada, kutafuta hukumu za zamani, kuandika muhtasari. Papo hapo amekubaliwa kusomea shahada ya uzamili ya sheria, masomo ya jioni. Alipokuja kuniomba ushauri, mama yake alishamaliza shauri: "Mshika mbili, moja humponyoka."

Ndugu msikilizaji, kabla ya kumjibu kijana nilirudi kwanza kwenye historia, hadi Boston, Marekani. Mwaka 1875 Horace Gray, Jaji Mkuu wa jimbo la Massachusetts, alianza kuajiri vijana waliofaulu sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mishahara yao aliilipa kutoka mfukoni mwake.

Mmoja wao alikuwa Louis Brandeis. Alihitimu mwaka 1877 akiwa na miaka 20, akabaki chuoni mwaka mmoja zaidi kwa masomo ya juu, huku akifundisha wanafunzi ili apate riziki. Macho yalimsumbua, ikabidi wenzake wamsomee vitabu. Mwaka 1879 akaingia kwa Jaji Gray, na wakati huo huo akafungua ofisi ya uwakili na rafiki yake, Samuel Warren. Huyo naye alishika mbili.

Kwa Gray hakuwa karani wa kunakili tu. Wawili hao walisoma jalada pamoja, wakapima hoja, wakabishana. Ndipo jaji alipoamua, akaitamka hukumu na kijana akaiandika. Fikiria: kijana wa miaka 22 anambishia Jaji Mkuu! Darasa gani lingempa hayo?

Mwaka 1886 Bunge la Marekani lilitenga fedha ili kila jaji wa Mahakama ya Juu apate msaidizi. Brandeis mwenyewe aliketi katika mahakama hiyo tangu 1916 hadi 1939, naye akipokea vijana kutoka Harvard.

Lakini tusidanganyane. Brandeis hakushika mbili kwa mikono yake peke yake. Wenzake walimsomea, jaji alimlipa na kumsikiliza.

Basi nikamwambia mpwa wangu: "Usijiulize kama una nguvu. Uliza kama jaji wako atakuacha ubishe, na kama atakuruhusu uwahi darasa la jioni. Uliza pia nani atakusaidia macho yakichoka."

Kisha nikamgeukia mama yake: "Nawe dada, methali tumeisikia. Sasa mwekee mtoto chakula cha usiku."