Miaka 30 ya Crash Bandicoot: levo iliyofichwa na mruko uliobadilishwa

Septemba 2026 gemu ya Crash Bandicoot inatimiza miaka 30 tangu itoke Marekani kwa ajili ya PlayStation ya kwanza. Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, hesabu hiyo inasomeka kivyake. Tanzania Bara ilipata kituo chake cha kwanza cha televisheni mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona redio ndiyo inayomfikia mkulima; televisheni ingengoja. Asiye na seti hana pa kuchomeka pleisteshen. Kwa hiyo toleo la mwaka 2017, N. Sane Trilogy, lililozikusanya gemu tatu za 1996, 1997 na 1998 na kuzichora upya, kwingine liliuzwa kama kumbukumbu za utoto, lakini kijana wa Mara anayelishikia pedi leo huenda ndiyo anakutana na Crash kwa mara ya kwanza. Hoja yangu inaanzia hapo: anayetoa upya kazi ya zamani ana deni kubwa zaidi kwa yule ambaye hakuiona ya mwanzo, maana huyo hana cha kulinganishia.

Asili yenyewe inajulikana, hasa kwa sababu Andy Gavin, mmoja wa waanzilishi wa Naughty Dog, ameiandika kwa kirefu. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Jason Rubin walikuwa garini wakitoka Boston kwenda Los Angeles, wakijiuliza gemu ya kuruka ingekuwaje mhusika akikimbia kuingia ndani ya kioo badala ya kupita ubavuni. Wakatania kwamba mchezaji atashinda akitazama makalio ya Sonic, mhusika wa gemu za Sega, na utani huo ukawa jina la muda la mradi. Gemu ikatoka, ikauzwa mamilioni.

Kilichonogesha toleo jipya ni levo iitwayo Stormy Ascent. Ni mnara wa ngome usiku wa mvua: ngazi zinachomoza ukutani na kurudi ndani, wasaidizi wa maabara wanarusha chupa, na anayechelewa kidogo tu anadondoka na kuanza upya. Naughty Dog waliikamilisha, kisha wakaiondoa kwa kuwa ilikuwa ngumu kupita kiasi na muda wa kuilegeza haukuwapo. Lakini hawakuifuta. Ilibaki ndani ya diski, na wadukuzi wakaifungua kwa msimbo. Julai 2017, studio ya Vicarious Visions iliyotengeneza toleo jipya iliichora na kuitoa kama nyongeza, bure kwa muda mfupi, kisha kwa malipo. Kuna watakaosema waandishi wenyewe walishaamua isionekane, hivyo kuirudisha ni kuwavunjia heshima. Sikubali. Imewekwa pembeni, mtu anaweza kumaliza gemu nzima bila kuigusa. Hata Coco, dada yake Crash, kuchezeka karibu kila mahali katika toleo jipya hakumzuii anayetaka njia ya zamani.

Mruko wa toleo jipya ni jambo jingine. Wachezaji wa siku nyingi waligundua mapema kwamba Crash anakanyaga ukingo wa daraja, kisigino kikiwa bado juu ya ubao, halafu anateleza na kuanguka. Watengenezaji walikiri: alikuwa anashuka haraka kidogo kuliko zamani, na umbo lisiloonekana linalopima mgusano wake lilikuwa na mviringo wa kidonge, hivyo pembeni hapakaliki. Walikuwa wameuchukua mwendo wa gemu ya tatu wakaupachika kwenye zote. Wana utetezi: msimbo wa zamani haukuwafaa, ikabidi waujenge mtambo upya juu ya michoro iliyosalia. Ni kweli. Ila maelezo hayo yalitoka baada ya malalamiko, na yule asiyewahi kushika ya 1996 angebaki akijilaumu vidole.

Mtu atauliza haya yanatuhusu nini. Mtoto wa Butiama alishatuonyesha kazi ya kutoa upya inavyofanywa. Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina Julius Caezar; mwaka 1969 akaitoa tena, ikiwa imesahihishwa, kwa jina Juliasi Kaizari. Jalada tu linakwambia hili si lile. Atakayejibu kwamba gemu si fasihi akumbuke kwamba nayo huingia mkononi kwa njia ileile: mtu anapewa kazi na kuambiwa hii ndiyo ile.

Mwaka 2018 toleo hilo lilifika kwenye mashine nyingine likiwa na levo mpya, Future Tense. Mwaka 2020 ikaja gemu iliyobeba namba nne. Jina la Vicarious Visions lenyewe limekwisha, studio imemezwa na kampuni ya Blizzard. PlayStation za zamani nazo zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wala sijaona halmashauri yoyote ya Mara inayoziwekea hata rafu moja, na bila mashine hizo itakuwa vigumu kuupima mruko wa 1996 dhidi ya ule wa 2017.