Kutweka Tanga: Kamba, Kapi na Mikono kutoka Pwani hadi Ziwa Tanganyika

Katika vyombo vya matanga vya Afrika ya Mashariki, kazi iliyowachosha mabaharia kuliko nyingi haikuwa kushika usukani wala kufua maji, bali kutweka tanga kuu, yaani kulipandisha pamoja na mti wake hadi juu ya mlingoti. Historia ya vyombo hivyo husimuliwa zaidi kwa habari za pepo, bidhaa na bandari, ingawa mambo mengi ya chombo chenyewe, kama vile idadi ya watu wake na namna yake ya kugeuka baharini, yalitegemea sana suala hili la tanga zito lisilotaka kupanda.

Tanga la jahazi au mashua lina umbo la pembetatu, japokuwa mara nyingi ncha yake ya mbele hukatwa kidogo, nalo hufungwa kwenye foromali, ambayo ni mti mrefu unaoning'inia kwa mshazari mbele ya mlingoti. Katika majahazi makubwa foromali iliungwa kwa vipande viwili au zaidi vya miti vilivyokazwa pamoja kwa kamba, hivyo kwamba uzito wake peke yake, kabla ya kitambaa kuongezwa, uliwashinda watu wachache. Ilipandishwa kwa henza, yaani kamba nene ipitayo kwenye kapi la kichwani mwa mlingoti, kapi likiwa ni gurudumu lenye mfereji wa kupitishia kamba. Upande wa pili wa henza ulishuka hadi kwenye kapi jingine kubwa, na kati ya kapi hilo na sitaha ilizungushwa jarari, kamba nyembamba zaidi iliyoshikwa na wavutaji. Kila mzunguko wa jarari ulipunguza uzito uliohisiwa mikononi, lakini uliongeza urefu wa kamba ya kuvutwa, na kwa sababu hiyo kazi iligeuka kuwa ya muda mrefu yenye kuhitaji mwendo mmoja. Nyimbo za mabaharia zilikuwa na nafasi yake hapo, na ni kosa kuzihesabu kuwa burudani tu, kwa kuwa bila sauti ya kuwaunganisha, watu ishirini huvuta kama kumi. Mwandishi na baharia Alan Villiers, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, aliiandika kazi hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1940.

Tanga lilipokwama, nguvu zaidi haikuwa dawa, na nahodha mzoefu alijua kwamba kuikaza jarari kwa hasira kulikata kamba au kuipasua foromali. Mara nyingi kizuizi kilikuwa kitanzi cha kamba kinachoibana foromali kwenye mlingoti, kwani kikikazwa mno husugua mti na kuushika, na kikilegezwa mno huiacha foromali ikiyumba. Hapo ilibidi kitanzi kilegezwe wakati wa kupandisha na kukazwa tena tanga likishafika juu. Pengine lawama ilikuwa ya kapi, ambalo gurudumu lake la mbao lilivimba kwa maji ya chumvi na kugoma kuzunguka, au ya kamba za makumbi ya nazi, ambazo zikilowa huwa nene na nzito. Mafuta yalipakwa mahali palipogusana, na mlingoti wenyewe ulipakwa pia. Katika ngalawa ndogo, ambamo kamba hupita kwenye tundu la mlingoti bila gurudumu lolote, msuguano huo haukwepeki, isipokuwa tanga lenyewe ni jepesi.

Upepo ulikuwa adui mkubwa zaidi, maana tanga lililoanza kujaa kabla ya kufika juu huikandamiza foromali kwenye mlingoti na kuikwamisha. Chombo kilielekezwa upepo utokako ili kitambaa kipepee bila kujaa, na katika vyombo vikubwa ulitumika ufundi wa kupendeza zaidi. Tanga lilikunjwa likiwa bado chini, likafungwa kwenye foromali kwa vifundo vya nyuzi dhaifu za majani, kisha likatwekwa likiwa limelala hivyo kama mzigo mwembamba. Foromali ilipofika mahali pake, watu walivuta demani, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, na nyuzi zile zikakatika moja baada ya nyingine, tanga likafunguka lote.

Ufundi huu haukuwapo tangu mwanzo kwa umbo hilo. Vyombo vya kushonwa kwa kamba vinatajwa katika pwani hii na maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1, na mrithi wake wa mwisho, mtepe wa visiwa vya Lamu, ulitumia tanga la mraba lililosukwa kwa majani kama mkeka. Kitambaa cha pamba, hasa kile kizito kiitwacho marudufu, kiliruhusu matanga makubwa yanayokwenda karibu zaidi na upepo, na gharama yake ikawa foromali ndefu na jasho la wavutaji.

Tanga halikubaki pwani tu. Mashariki mwa Kongo, mbali mno na bahari, Ziwa Kivu limejulikana kwa mitumbwi ya makasia; ziwa lenye historia ndefu ya matanga upande huo ni Tanganyika. Wafanyabiashara wa pwani walilipeleka tanga huko, na mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Speke alivuka kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi, akitafuta kukodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Hakulipata, na yeye na mwenzake wa safari, Richard Burton, walilazimika kwenda Uvira kwa mitumbwi ya kupigwa makasia. Mitumbwi mikubwa ya Ujiji ilichongwa kwa miti ya milima ya Ugoma, ambayo leo iko Kongo. Edward Hore, baharia wa misheni ya London aliyefika Ujiji mwaka 1878, alilizunguka ziwa kwa tanga kabla ya meli ya mvuke ya misheni hiyo, Good News, kushushwa majini mwaka 1885.

Mvuke, kisha injini, viliondoa haja ya wavutaji. Majina ya kamba za pwani yamehifadhiwa katika kamusi kubwa zilizoanza kutolewa mwaka 1939, ya Charles Sacleux na ya Frederick Johnson, lakini yale ya ziwani yamo zaidi katika vinywa vya wazee kuliko vitabuni. Wanafunzi wa historia wa Uvira, Baraka na Kalemie wangefanya kazi yenye manufaa wakiwaendea wavuvi wazee na kuandika kila kamba iliitwaje, ilisokotwa kwa nini, na tanga lilipokwama ni nani aliyepanda mlingoti.