Nyumba Zilizokwisha Kutikiswa

Bukavu imetikiswa mara nyingi. Tarehe 24 Oktoba 2002 lilikuja tetemeko la Kalehe, lenye nguvu ya 6,2. Dominika tarehe 3 Februari 2008, lile la 5,9, lililoangusha kanisa juu ya waumini ng'ambo ya Ruzizi, huko Rwanda. Tarehe 7 Agosti 2015, lingine tena. Nyumba za betoni zilizosalia twazisifu kuwa imara. Walakini ufa uliofunikwa kwa simenti na rangi haukupona, wala chuma kilichopindika ndani ya nguzo hakinyooki. Basi fundi abandue kwanza simenti ya juu, atazame mahali nguzo inapokutana na boriti. Akikuta hapo ufa wa mshazari au betoni iliyopondeka, jengo lifungwe mpaka litengenezwe, hata likiwa kanisa. Maana tetemeko lijalo litaanzia pale la kwanza lilipoachia.