Mapendo baada ya talaka: Agatha Christie na Max Mallowan



Wengi wetu tunalijua jina la Agatha Christie kwa riwaya zake za upelelezi, ambazo katika shule zetu hupita mkono kwa mkono kwa lugha ya Kifaransa, au kwa filamu zilizotungwa juu yake. Wachache wanajua kwamba mwanamke huyo alipata talaka akiwa na miaka 38, akaolewa tena siku nne kabla ya kutimiza miaka 40, na kwamba ndoa yake ya pili ilidumu miaka 45. Tumeona vema kuisimulia habari hiyo kwa sababu mbili. Katika vikundi vyetu wamo vijana ambao wazazi wao wameachana, na mara nyingi tunanyamaza mbele yao kwa kukosa la kusema. Tena sisi tunaojiandaa kwa ndoa tunasikia mengi juu ya namna mapendo yanavyoanza, na machache juu ya namna yanavyotunzwa.

Agatha Miller alizaliwa Torquay, kusini-magharibi ya Uingereza, tarehe 15 Septemba 1890. Siku moja kabla ya Noeli ya mwaka 1914, vita vikiwa vimekwisha kuanza, aliolewa na Archie Christie, afisa wa jeshi la anga. Binti yao wa pekee, Rosalind, alizaliwa mwaka 1919. Mwaka 1926 ukaja na misiba miwili. Mwezi wa Aprili mama yake alifariki, na Agatha akaenda kukaa katika nyumba ya wazazi ili kupanga vitu vya marehemu. Mumewe, ambaye hakuweza kuvumilia huzuni ya mwingine, alibaki London. Mwezi wa Agosti alimwambia wazi kwamba anampenda mwanamke mwingine, Nancy Neele, na kwamba anataka talaka. Usiku wa tarehe 3 Desemba Agatha aliondoka nyumbani kwa gari. Gari likakutwa limeachwa, polisi na raia wakamtafuta vichakani na katika mabwawa. Siku 11 baadaye alionekana katika hoteli moja ya mji wa Harrogate, amejiandikisha kwa jina la ukoo la yule mwanamke mwingine. Magazeti yaliyafanya maumivu yake kuwa maonyesho. Yeye mwenyewe, hata alipoandika kitabu cha maisha yake, hakuzisimulia siku hizo.

Talaka ilitolewa mwaka 1928, na Archie akamwoa Nancy mara moja. Katika majira yale yale Agatha alikuwa amekwisha kununua tiketi ya kwenda visiwa vya Karibi apate kupumzika. Jioni moja, wakati wa chakula kwa marafiki, alisikia watu wakiusifu mji wa Baghdad. Kulipokucha akaibadilisha tiketi. Alipanda peke yake treni iliyoitwa Orient Express mpaka Istanbul, kisha akapita Siria mpaka Iraki. Hakwenda kutafuta mume. Alikwenda kuona kama anaweza kusimama kwa miguu yake mwenyewe, mbali na macho ya waliomjua.

Huko Iraki alifika Ur, ambao Biblia inauita Uru wa Wakaldayo, mji wa Abrahamu baba yetu. Mwanaakiolojia Leonard Woolley alikuwa akiongoza uchimbaji pale, na mkewe Katharine alikuwa msomaji mpenzi wa vitabu vya Agatha. Wakamwalika arudi. Aliporudi mwaka 1930 alimkuta msaidizi wa Woolley, kijana Max Mallowan, aliyezaliwa mwaka 1904. Katharine alimwagiza Max amtembeze mgeni katika miji ya kale. Safarini gari lao lilizama mchangani, katikati ya jangwa. Agatha hakulalamika wala hakumlaumu mtu. Alijilaza katika kivuli cha gari, akapata usingizi. Max alisema baadaye kwamba saa ile ndipo alipoona kuwa mwanamke huyo angemfaa kuwa mke. Walipofika Athens, Agatha alipokea habari kwamba Rosalind anaugua kichomi. Mguu wake ulikuwa umeteguka, hakuweza kutembea vizuri. Max akaiacha mipango yake, akasafiri pamoja naye mpaka Uingereza.

Tuangalie mwanzo huo. Hakuna aliyemwimbia mwenzake sifa. Kila mmoja alimwona mwenzake siku ya taabu, akamwona alivyo. Kwa mtu aliyekwisha kuumizwa, ushuhuda wa namna hiyo una uzito kuliko maneno.

Max alipomwomba wafunge ndoa, Agatha alikataa kwanza. Alimzidi kwa karibu miaka 14. Zaidi ya hayo aliogopa. Aliyeachwa mara moja anajua kwamba mtu anayempenda ndiye mwenye uwezo wa kumjeruhi kuliko wote. Alitafakari kwa muda, akamwuliza hata Rosalind, aliyekuwa na miaka 11, naye mtoto akakubali. Tarehe 11 Septemba 1930 walifunga ndoa Edinburgh, katika kanisa la Mtakatifu Cuthbert, bila makelele na mbali na waandishi wa magazeti.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Max alikuwa Mkatoliki. Agatha alikuwa Mwanglikana, naye Archie alikuwa hai. Kanisa Katoliki huihesabu ndoa ya wabatizwa wawili kuwa halali hata wasipokuwa Wakatoliki, hadi ithibitishwe vingine. Kwa hiyo halikuweza kuitambua ndoa hii ya pili, na Max aliondoka katika Kanisa. Agatha naye, baada ya talaka, aliacha kupokea komunyo katika kanisa lake, ingawa hakuacha kusali. Karibu na kitanda chake aliweka mpaka uzeeni kitabu cha mama yake, kile cha Thomas a Kempis juu ya kumfuasa Kristu. Mapendo yao yalikuwa na gharama, na waliilipa wote wawili.

Mbele ya habari hiyo tunaweza kukimbilia upande mmoja au mwingine. Mmoja atasema Kanisa lilikuwa na moyo mgumu. Mwingine atasema waliokosa hawana la kutufundisha. Sisi tunaona kwamba neno la Bwana wetu juu ya ndoa, katika Matayo sura ya 19, halikuachiwa Kanisa ili lilibadilishe. Tunaona pia kwamba Kanisa limejifunza kuwakaribia zaidi walioumia. Mwaka 1981, katika wosia wa kitume Familiaris consortio, Papa Yohane Paulo II aliwaomba wachungaji watofautishe hali za watu, kwa maana aliyeachwa bila haki si sawa na aliyeivunja ndoa kwa kosa lake, na alifundisha kwamba waliotalikiwa wasijione wametengwa na Kanisa. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha taratibu za mahakama za Kanisa zinazochunguza kama ndoa ilikuwa halali tangu mwanzo, na mwaka 2016, katika Amoris laetitia, alisisitiza kuwasindikiza watu hao kwa uvumilivu. Kati yetu kuna mama aliyerudishwa kwao na kuitwa majina mabaya, kuna baba anayeogopa hata kumwendea paroko. Huenda hakuna aliyewaambia kwamba mlango huo upo.

Turudi kwa Agatha na Max. Miaka 45 ilijazwa na nini? Tunajibu kwa neno moja: kazi. Mwaka 1931 na 1932 walikuwa Ninawi, mji wa nabii Yona. Mwaka 1933 Max aliongoza uchimbaji wake wa kwanza, Arpachiyah, kisha wakaenda Chagar Bazar na Tell Brak katika Siria. Agatha hakukaa hemani kama mgeni. Alijifunza kupiga picha za vitu vilivyochimbuliwa, aliunganisha vigae vya vyungu, aliandika orodha. Fedha za vitabu vyake zilisaidia gharama za uchimbaji. Baada ya vita, huko Nimrud, ambao ni Kala wa kitabu cha Mwanzo, wachimbaji walitoa kisimani nakshi za pembe za ndovu zilizofunikwa na tope la karne nyingi. Agatha alizisafisha kwa sindano ya kufumia na mafuta yake ya uso.

Max naye hakumtaka mkewe aache kalamu ili awe msaidizi tu. Pembeni mwa nyumba ya wachimbaji kilijengwa chumba kidogo, mahali pa Agatha kuandikia. Ndani ya chumba hicho alianza, mwaka 1950, kuandika habari za maisha yake. Watu humwekea Agatha kinywani mzaha kwamba inafaa kuolewa na mwanaakiolojia, kwa kuwa mke akizidi kuzeeka ndipo anapozidi kupendwa. Mwenyewe alikana kuusema, na tunamwelewa. Max hakumpenda kama kitu cha kale. Alimpenda kama mwenzi wa kazi, ambaye kesho wataamka tena pamoja.

Mapendo hayo yalijaribiwa. Mwaka 1942 Max alitumwa na jeshi la anga Misri, baadaye Libya, asirudi mpaka mwaka 1945. Agatha alibaki London ya mabomu, akifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali moja na kuandika vitabu vyake. Mwaka 1944 mume wa Rosalind aliuawa vitani, akiacha mtoto mchanga, na Agatha akambeba binti yake katika msiba huo bila Max kuwa karibu. Barua ndizo zilizowaunganisha. Mwanamke aliyeachwa peke yake katika msiba wa mwaka 1926 sasa alikuwa peke yake tena, lakini safari hii alijua kwamba yupo anayengoja kurudi.

Mwaka 1971 Agatha, ambaye hakuwa Mkatoliki, alikuwa mmoja wa waandishi na wasanii waliomwomba Papa Paulo VI asiiache Misa ya zamani ya Kilatini ipotee katika Uingereza, na Papa alikubali. Agatha alifariki tarehe 12 Januari 1976, akazikwa Cholsey. Mwaka uliofuata Max alimwoa Barbara Parker, mwanaakiolojia mwenzake wa Nimrud. Naye Max akafariki mwezi wa Agosti 1978, akazikwa karibu na Agatha.

Hatuwaweki hawa wawili altareni, wala hatusemi kwamba talaka ni njia ya furaha. Archie na Agatha walipendana kweli mwaka 1914, wakakosa kukutana penye huzuni. Hapo ndipo ndoa ile ilipovunjika, kabla ya Nancy kutajwa. Max na Agatha walikutana penye huzuni, na kila mmoja akauingiza mkono wake katika kazi ya mwingine. Sisi ambao bado tunachagua, tunaweza kujifunza hilo mapema, bila kupita katika kidonda.

Basi katika mkutano wetu ujao tuulizane maswali mawili. Yule ninayetaka kuishi naye, nimekwisha kumwona siku ya msiba na siku ya kazi ngumu, naye ameniona? Na katika jumuiya yetu, ni nani aliyeachwa ambaye hatujamtembelea tangu siku ile?