Kipima kina na pampu ya kisima: kwa nini mawasiliano yajaribiwe kabla ya kufungwa?

Pampu ya kisima kirefu haijui kama kisima kina maji. Kinachojua ni kipima kina kilichoshushwa chini, nacho hupeleka habari kwa waya hadi kwenye kidhibiti, yaani kisanduku kinachowasha na kuzima pampu. Habari hiyo isipofika sawasawa, pampu inaweza kuzunguka bila maji mpaka iungue, na kijiji kizima kikarudi kuchota mtoni. Kwa vijiji vya Bonde la Kilombero vilivyo mbali na Ifakara, kumrudisha fundi wakati wa masika si jambo jepesi.

Vifaa huzungumzaje?

Lugha inayotumika sana ni Modbus, iliyotolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani kwa ajili ya mashine za viwandani. Leo imo pia kwenye inveta za umeme wa jua, mita na vidhibiti vya pampu. Mara nyingi hupita kwenye nyaya za RS-485, zinazoweza kufika mita 1,200.

Ni kama mwalimu anayeita majina darasani. Kila kifaa kina namba yake, kati ya 1 na 247. Kidhibiti huita namba, mwenye namba hujibu, wengine hunyamaza. Kila ujumbe huishia na tarakimu za uhakiki. Zisipolingana, ujumbe hutupwa.

Makosa ya kawaida

- Vifaa viwili kupewa namba moja, vikajibu kwa pamoja.
- Kimoja kupangwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde na kingine 19,200.
- Nyaya mbili kugeuzwa.
- Kipima kutuma 250 kikimaanisha mita 2.50, kidhibiti kikasoma mita 250.

Kuigiza kifaa

Kabla ya safari, fundi huunganisha kidhibiti na kompyuta yenye programu inayojifanya kipima kina. Kwanza kompyuta hujibu kwamba maji yapo: pampu iwake. Kisha hujibu kwamba maji yameshuka: pampu izime. Mwisho hunyamaza kabisa, kana kwamba waya umekatika.

Jaribio hili la tatu ndilo muhimu kuliko yote. Kidhibiti kilichopangwa vibaya hushikilia jibu la mwisho kililopata na kuendelea kusukuma. Kilichopangwa vizuri huzima pampu na kutoa tahadhari.

Hata hivyo, kuigiza hakupimi waya wenyewe, unyevu wala madhara ya radi. Kwa hiyo jaribio lirudiwe kisimani baada ya kufunga.

Kamati ya maji ifanye nini?

Siku ya makabidhiano, mwombeni fundi achomoe waya wa kipima mbele yenu huku pampu ikifanya kazi. Isipozima, msisaini. Ombeni pia karatasi yenye namba ya kila kifaa na kasi iliyopangwa, muitunze ofisini. Fundi atakayekuja baadaye ataanzia hapo.