Ndege wa Majani ya Kinangop

Msomaji, ukipanda kutoka Naivasha kuelekea milima ya Nyandarua, utafika kwenye uwanda mpana wenye baridi uitwao Kinangop. Katika majani yake huishi ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, mgongo wa michirizi na ukucha mrefu wa nyuma. Hana haja na msitu. Hujenga kiota chake chini, penye mashungi ya majani, na duniani kote hapatikani ila katika nyanda za juu za Kenya.

Zamani Wamaasai walichunga ng'ombe katika nchi hiyo. Mkataba wa 1904 uliwahamisha kutoka Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi. Mwaka uo huo Frederick Jackson, ofisa wa serikali ya kikoloni, alimwandika ndege huyu katika vitabu vya elimu, akampa jina la Sharpe, mtaalamu wa ndege wa London. Ndege akapata jina la mgeni wakati wenyeji walipokuwa wakipoteza malisho!

Walowezi nao walifuga kondoo na ng'ombe, hivyo majani mengi yakasalia. Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1960, mashamba yao yaliponunuliwa na kugawiwa jamaa za Waafrika. Je, twaweza kuwalaumu? Mtu aliyenyimwa ardhi tangu ujana wake, akipewa eka chache na ana watoto wa kusomesha, atalima viazi na kabichi, na mpakani atapanda mikaratusi ya kuni na mbao. Baadaye shamba hugawanywa kwa wanawe, na kila mmoja hulima sehemu yake. Jembe likishang'oa mashungi yale, ndege huyu hahamii kwenye viazi, hutoweka.

Sasa amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini. Uwanda ule si mbuga ya serikali, ni mali ya wakulima, wala askari wa wanyama hana amri juu ya shamba la mtu. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 wenyeji waliunda chama cha kumhifadhi, na vipande vichache vya ardhi vikanunuliwa viachwe majani. Huko Njabini ilianzishwa karakana ya kusokota sufu, ili kondoo amlipe mwenye shamba, na mwenye shamba apate sababu ya kutolima malisho. Nayaona haya kuwa maarifa mema kuliko mahubiri. Lakini gunia la viazi likipata bei nzuri Nairobi, sufu hushindana nalo kwa shida.